Vidonge Ambavyo Hakuvitupa

Kipaza sauti kilikuwa kimoja, na mhubiri hakukubali washuhudiaji wakishike. Alisema ukimpa mtu wa Kondele kipaza sauti siku ya Jumapili, atakurudishia Jumanne. Kwa hiyo mtu aliyetaka kushuhudia alipanda jukwaani, akasimama ubavuni mwangu na kuniambia sikioni, kwa Dholuo, lugha ya kwetu, yale ambayo Mungu amemtendea. Mimi niliyatangaza kwa Kiswahili, kisha kwa Dholuo, mpaka yakafika kwenye vibanda vya mitumba na kule nyuma karibu na steji ya matatu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kila Jumapili alasiri kwenye mkutano wa injili wa soko la Kondele, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Siku nyingine nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi.

Mhubiri alitoka upande wa Kakamega, na Dholuo hakuijua kupita salamu. Kabla yangu alikuwa na mkalimani mzee, mwaminifu hadi anachosha. Mtu akisema mgongo umepungua kuuma kidogo, mzee alitangaza kwamba mgongo umepungua kuuma kidogo. Watu walipiga miayo, wengine wakaanza kununua ndizi. Mzee alipougua koo niliombwa nishike nafasi yake kwa siku moja tu, na alipopona hakuna aliyemkumbuka.

Sikuanza kwa kudanganya. Nataka hilo lieleweke, ingawa halinisaidii. Nilianza kwa kunyoosha. Mtu anakuja na maneno yaliyokunjamana, anaanzia katikati, anamtaja shemeji yake na mbuzi aliyepotea, nami natafuta pale Mungu alipoingia. Kisha nikaanza kuacha neno "kidogo". Kisha nikaacha "nadhani". Mama akisema homa ya mtoto ilishuka kufikia jioni, nilisema ilishuka pale pale. Mzee akisema sasa anaweza kufika kisimani akipumzika mara mbili, nilisema anafika kisimani. Kuna siku nilitangaza kwamba mtu ametupa mkongojo ambao hakuwahi kuwa nao.

Na hakuna aliyenipinga. Umati ule ulijaa watu waliozijua lugha zote mbili, na washuhudiaji wenyewe walinisikia wakiwa wamesimama hapo hapo. Mama mmoja alinifuata sokoni kunishukuru. "Mwalimu, ulisema vizuri kunishinda," aliniambia. Jumapili iliyofuata alipanda tena, na hadithi aliyoninong'oneza safari hii ilikuwa ile yangu, neno kwa neno. Niliona haya, lakini haya hiyo haikumaliza hata jioni ile.

Nilikuwa na sababu zangu. Watu walikuja pale wamechoka, wamezika, wamefutwa kazi, na mambo ambayo Mungu aliwatendea niliyaona madogo mno. Homa kushuka jioni, ni nini hicho? Nikamsaidia. Nasema wazi kwa sababu hakuna njia nyingine ya kulisema: nilidhani Mungu anahitaji mtu wa kumwongezea chumvi.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, aliyeuza nyanya na vitunguu, mimi, na mdogo wangu wa kike. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na minane, na alikuwa na kifafa. Alianza kuanguka akiwa darasa la sita. Kwetu wengi waliamini kwamba kifafa, wenyewe wakikiita ndulme, kinaambukiza kwa povu la mgonjwa, kwa hiyo alipoanguka darasani wenzake waliruka nje kupitia madirisha, na mwalimu akawa wa kwanza kutoka. Hakurudi shule. Hospitali ya serikali ilimpa vidonge vyeupe, kimoja kila jioni, na tangu aanze kuvimeza alianguka mara moja tu kila baada ya miezi kadhaa.

Lakini sheria za mama hazikulegea. Asiende ziwani kuteka maji wala kufua. Asikae karibu na moto. Alichambua mchele, alichambua dagaa wa omena, alifagia ua hadi ukang'aa, lakini hakuwahi kusonga ugali. Wasichana wa rika lake waliolewa mmoja baada ya mwingine. Walipokuja kutuaga walimkuta amekaa mlangoni na ungo mapajani, na mama zao wakamsalimia kwa mbali.

Mkutanoni hakwenda. Mara moja tu alipokwenda alianguka katikati ya watu, umati ukatawanyika, na mhubiri akashuka jukwaani kuja kukemea pepo. Mama alimbeba akaondoka naye bila kumuaga mtu. Tangu siku hiyo alikuwa akitusikiliza kutoka nyumbani, maana chumba chetu kilikuwa nyuma tu ya soko na sauti ilitufikia kana kwamba tumealikwa. Niliporudi alinisubiri na mwiko mkononi. Aliushika mbele ya mdomo, akanyanyua kidevu, na kutoa ile sauti yangu ya jukwaani, hata mama akacheka akajifuta machozi.

"Na huyo mzee wa kisima," aliniuliza siku moja, "alikuwa anapumzika mara ngapi, ukweli?"

"Mara mbili."

"Mimi nilijua tu."

Alijua. Ndiyo maana sikuwahi kumhofia. Niliamini kwamba katika watu wote wa Kondele, yeye ndiye ambaye maneno yangu hayawezi kumdhuru.

Mama mmoja mgeni alikuja Jumapili moja ya mwezi wa tatu, jua likiwa kali kabla ya mvua. Alikuwa ametoka Sondu, mwembamba, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na mkoba wa kusuka begani. Aliniinamia sikioni na kusema bila kusitasita. Alikuwa na ugonjwa wa kuanguka kwa miaka mingi. Tangu Krismasi hajaanguka. Anakunywa dawa za hospitali, na kila asubuhi anamwomba Mungu amfikishe jioni. Alisema hayo tu.

Nilitangaza kwamba mama huyu aliteswa na kifafa miaka mingi, kwamba aliomba, na kwamba tangu Krismasi hajaanguka hata mara moja. Umati uliinuka. Nilikuwa sijawahi kuona umati ukiinuka vile, hata wauza samaki waliacha makarai yao wakasogea. Mhubiri akaniuliza, akifuta jasho lake kwa leso, "Na dawa? Muulize, dawa alifanyia nini?"

Sikumuuliza. Yule mama alikuwa hapa, mdomo wake ukiwa kiganja kimoja kutoka sikioni mwangu, na sikumuuliza. Watu walikuwa wameshasimama, na jibu lilikuwa moja tu ambalo lingewaacha wasimame.

"Amezitupa," nilisema kwenye kipaza sauti. Kisha nikasema kwa Dholuo.

Mama wa Sondu alinitazama. Halafu kwa kuwa watu wote walikuwa wameinua mikono, naye aliinua yake.

Mkutano ulipokwisha alinitafuta nyuma ya jukwaa, ameukumbatia mkoba. "Mwalimu, hizo dawa niko nazo hapa ndani," alisema kwa sauti ya chini. "Nisitupe, ama?"

"Usitupe, mama," nilimjibu haraka. "Endelea kumeza."

Alishukuru akaenda zake. Kwa hiyo nilijua. Niliujua ukweli wote, na niliusema mahali ambapo mtu mmoja tu angeusikia. Jioni ile nyumbani mdogo wangu hakushika mwiko. Aliniuliza tu yule mama alikuwa wa umri gani, nikamwambia, nikaketi kusahihisha madaftari.

Mama ndiye aliyempa kidonge kila jioni na kumtazama akimeza. Alichofanya mdogo wangu tangu jioni ile, nasi hatukujua, ni kukificha chini ya ulimi, akanywa maji, akatoka nje na kukitema chooni. Siku za kwanza aliogopa. Kisha siku zikapita hakuanguka, ikawa wiki, ikawa ya pili, naye akawa anaimba akifagia. Tulifurahi kumwona vile. Mama alisema huenda hospitali imebadilisha dawa.

Wiki ya tatu, siku ambayo mama alikuwa sokoni na mimi darasani, aliwasha jiko la makaa ndani ya ua, akabandika sufuria ya maji. Alikuwa amepanga kutupikia ugali na samaki, atukaribishe mezani, kisha atuambie. Maji hayakuwahi kuchemka. Alianguka na mkono wake wa kulia ukaingia kwenye makaa, na mwili wake ukaulalia.

Jirani yetu alimwona. Simlaumu, au nimejaribu miaka mingi nisimlaumu. Aliliona povu, akakimbia kumwita mwingine, na yule mwingine akamwita mwingine, na kwa muda ule wote mkono ulikuwa kwenye makaa. Mwishowe mama mmoja mpita njia, ambaye hata hatukumjua, alimvuta kwa kanga yake.

Nilifika hospitali na chaki bado mikononi. Siku mbili hakuongea. Siku ya tatu alifungua macho, akanitazama kwa muda, na nilimuuliza swali ambalo daktari alikuwa ametuuliza sisi: dawa zilikwenda wapi.

"Nilikuwa natema."

"Kwa nini?"

"Nilikusikia ukisema yule mama ametupa zake."

Nilimwambia kwamba yeye mwenyewe alijua naongeza mambo, kwamba alikuwa akinicheka kila Jumapili. Nilisema kama mtu anayedai haki yake, nikiwa nimesimama kando ya kitanda cha mtoto aliyeungua.

"Hayo mengine nilijua," alisema. "Miguu, mgongo, homa. Lakini hii ya kuanguka, wewe unaijua. Umeniokota mara ngapi? Nilisema hii hawezi kudanganya."

Nilitoka wodini. Nyuma kulikuwa na bomba ambapo jamaa za wagonjwa walifulia, na nilikuwa na shuka lake. Nilifungua maji nikaanza kuomba kama nilivyozoea, na nikajisikia. Ilikuwa sauti ya jukwaani. Nilikuwa namwita Mungu kwa majina marefu, namkumbusha makuu yake, nampangia hata namna vidole vitakavyonyooka na siku ambayo daktari atashangaa. Nilinyamaza, nikaogopa kweli kweli, kwa sababu nilitafuta ndani yangu maneno mengine ya kumwambia na sikuyakuta. Nilikuwa nimeongea juu yake kwa miaka mitatu mbele ya watu wengi, na hatukuwa tunafahamiana.

Nikafua. Shuka lilikuwa na damu na dawa ya manjano isiyotoka. Baada ya muda nilisema, "Nilidanganya. Yuko hai. Sijui nifanye nini." Nilisema hivyo kwa Dholuo, kwa sauti ya kawaida, kama ninavyoongea na mama. Hakuna kilichotokea. Sikusikia joto moyoni wala amani ile tuliyokuwa tukiwaahidi watu. Lakini nilihisi kwamba kwa mara ya kwanza nimemwambia mtu kitu, na kwamba aliyeambiwa amesikia. Mpaka leo sina ushuhuda mwingine zaidi ya huo, na kuna siku hata huo nautilia shaka.

Vidole vitatu vilishikana, kiganja kikajikunja kuelekea kifundo cha mkono. Mhubiri alikuja kumwona zaidi ya mara moja, na alimletea machungwa. Hakuwa mtu mbaya, sikumwona akila cha mtu. Aliketi ukingoni mwa kitanda na kusema, "Moto imechukua mkono, lakini maisha imebaki. Hiyo ni ushuhuda, binti yangu." Mama alimwambia hapana, kwa adabu lakini hapana. Mdogo wangu alisema ataenda.

Alipanda jukwaani mkono ukiwa kwenye bandeji, mimi nikiwa na kipaza sauti. Watu walimjua. Mbele pale walisogea nyuma hatua moja, wote pamoja. Alikaribia sikio langu.

"Sema nilikuwa nakunywa dawa na ilikuwa inanisaidia."

Nilisema.

"Sema nikawa natema."

Nilisema.

"Sema ni kwa sababu ulitangaza hapa kwamba yule mama wa Sondu ametupa yake."

Nilishika kipaza sauti. Hakuna aliyemsikia ila mimi. Ningeweza kusema lolote. Yeye angenisikia, ndiyo, lakini nilikuwa nimesikiwa na wengi wa namna yake, nao wote waliinua mikono. Mdogo wangu hakunihimiza. Alisubiri tu, nikaisikia pumzi yake shingoni mwangu.

Nikasema. Kwa Kiswahili, kisha kwa Dholuo, na Dholuo ndiyo iliyoniuma zaidi. Kisha nikasema la kwangu: kwamba mama wa Sondu hakuvitupa vidonge, vilikuwa mkobani mwake siku ile ile, na kwamba hilo la kutupa nililitunga mimi. Nikawaomba wenye dawa wameze dawa zao.

Watu waliinamisha macho, kama watu waliotahayari kwa niaba yako. Mhubiri aliuchukua mkono wangu taratibu, akakitoa kile kipaza sauti kidole kimoja kimoja. "Lakini tazameni," alisema, "msichana huyu aliingia motoni, na leo amesimama hapa." Umati ukapumua. Wakapiga makofi, wakaimba, na kuna waliolia. Tulishuka wakiwa bado wanaimba, nasi tukatembea hadi nyumbani.

Sikupanda tena. Hakunifukuza mtu, walimrudisha yule mzee, kisha wakampata kijana mwenye sauti nzuri. Mimi nilikaa mwaka mzima bila kwenda kanisa lolote, nikiomba sentensi mbili au tatu kwa siku, mambo niliyokuwa na hakika nayo. Ameamka. Amekula. Ameanguka leo asubuhi, hakuumia. Ilikuwa sala kavu, na mara nyingi nilitamani ile ya zamani yenye moto. Kuna majira nilimkasirikia Mungu kwa kuniacha niseme yote yale bila kunifunga mdomo hata siku moja. Hilo nalo nilimwambia. Mdogo wangu aliendelea kuomba kama alivyoomba siku zote, kwa ufupi na bila kuniuliza yangu. Msamaha sikuwahi kumwomba kwa neno lenyewe, naye hakuwahi kulitoa. Kila jioni nilimpa kidonge, akakimeza, akafungua mdomo nione.

Miaka ya tisini ilipofika katikati, mama alikuwa ameshafariki, nami nilihamishiwa shule moja karibu na Maseno. Tulihama wote wawili. Wiki ya kwanza jirani yetu, mama mcheshi, mtu wa kanisa, alituita kwa chai. Alikuwa na binti wa miaka kama kumi na miwili aliyekaa kwenye mkeka akichambua njugu. Tulipomwambia tumetoka Kondele alifurahi.

"Kondele si ndio kulikuwa na yule msichana wa moto?" alituuliza.

Nilimuuliza msichana gani.

Alitusimulia. Kulikuwa na msichana wa kifafa ambaye alisikia Neno kwenye kipaza sauti, akatupa dawa zake zote ziwani. Shetani akakasirika, akamsukuma kwenye moto mkubwa. Alikaa ndani muda mrefu, watu wakiogopa kumtoa, na alipotoka hata unywele haukuwa umeungua. Tangu siku hiyo hajaanguka. Alisimulia vizuri sana. Nilizitambua pumzi zangu mwenyewe, mahali pa kusimama, mahali pa kushusha sauti.

"Aliungua, mama," nilisema. "Mimi nilikuwa huko. Na dawa anameza mpaka leo."

Mdogo wangu aliweka kikombe chini. Alikuwa akinywa kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ulikuwa chini ya leso kama alivyozoea mbele ya wageni. Aliutoa akauweka mezani, katikati ya vikombe, vile vidole vitatu vikiwa kimoja.

"Ni mimi," alisema.

Mama yule aliutazama mkono kwa huruma ya kweli. Aliushika, akaupapasa, akasema pole, pole sana nyathina, mwanangu. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Huyo alikuwa mwingine."

Nilimgeukia binti yake kwenye mkeka. Alikuwa ameacha kuchambua. Hakuwa akiutazama mkono wa mdogo wangu, alikuwa akimtazama mama yake, midomo wazi, akingoja hadithi iendelee. Sikujua kama alikuwa mgonjwa wa kitu chochote. Sikujua ni nyumba ngapi nyingine, kutoka pale hadi Sondu, zilikuwa na mtoto aliyekaa hivyo. Hapo hapo, kikombe kikiwa mkononi, nilimwomba Mungu, na sikumpangia afanyeje: kama kuna mmoja kati yao ana dawa nyumbani, azimeze leo jioni.